Mgeni Njoo, Ziwa Lipone?

Waswahili husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii tulifundishwa mwaka wa kwanza, tukaambiwa kwamba mgeni huja na baraka: siku akifika kuku huchinjwa, na hata watoto wa nyumbani hula vizuri. Mimi nimezaliwa Uganda, kando ya ziwa ambalo Waganda huliita Nalubaale na ramani huliita Viktoria. Kila nikiisikia methali hiyo namkumbuka mgeni mmoja ambaye hakuchinjiwa kuku. Alijihudumia mwenyewe, na chakula chake kilikuwa wenyeji. Kwa Kiswahili sanifu anaitwa sangara. Katika insha hii nataka kueleza alichokifanya sangara katika ziwa letu, kwa sababu kisa chake kilinifundisha jinsi viumbe wanavyoshindana na kutegemeana kuliko maelezo mengi niliyokariri katika somo la biolojia.

Nianze na majina, maana sisi ni wanafunzi wa lugha. Darasani tuko vijana kutoka pande zote za ziwa, na siku tulipojadili msamiati wa uvuvi tulikaribia kugombana. Samaki mdogo wa rangi ya fedha ambaye Mtanzania humwita dagaa, Mkenya humwita omena na sisi wa Uganda humwita mukene. Sangara wa Mwanza huwa mbuta akifika Kisumu, na mputa akifika Jinja. Furu ni fulu kwa Wajaluo na nkejje kwa Waganda. Lakini jina lililonishangaza zaidi ni ngege. Zamani ngege lilikuwa jina la samaki mwenyeji wa ziwa hili, mmoja wa jamii ya perege. Katika miaka ya 1950 aliletwa jamaa yake kutoka maji mengine, yule ambaye Tanzania huitwa sato. Sato hukua haraka, huzaa sana na hachagui chakula. Akashindana na ngege kwa malisho na kwa mazalia ya pwani. Uvuvi wa kupita kiasi ukaongezeka, sangara naye akaja, na ngege wa asili akatoweka karibu kabisa katika ziwa kuu. Leo hupatikana zaidi katika maziwa madogo ya pembeni, kama Kanyaboli huko Kenya. Ila jina lake halikupotea. Nenda sokoni Kampala uombe ngege, utapewa sato. Mgeni alichukua nyumba, kisha akachukua na jina la mwenye nyumba.

Ili tuelewe hasara iliyotokea, yafaa tujue ziwa lilivyokuwa. Ziwa Viktoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, lakini kina chake cha mwisho ni kama mita 80 tu. Wataalamu waliochunguza matope ya chini ya ziwa wanasema kwamba lilikauka miaka 15,000 hivi iliyopita, kisha likajaa tena. Katika muda huo, ambao kwa hesabu za dunia ni kama juzi, lilijaa furu wa aina zaidi ya 500, wengi wao wasiopatikana kwingineko. Aina zote hizo ziliwezaje kukaa katika maji yale yale bila kumalizana? Jibu ni kwamba ziligawana kazi, kama watu wa kijiji kimoja. Wako waliokwangua mwani kwenye mawe, waliokula matope na mabaki ya mimea, waliochuja vijidudu vinavyoelea, na waliovunja konokono kwa taya zao. Wako hata walioishi kwa kunyang'anya mayai na watoto wa furu wengine, kwa kuwa furu jike hulea mayai mdomoni mwake. Ushindani ulikuwako, tena mkali, lakini ulimsukuma kila mmoja atafute mlango wake wa riziki.

Bibi yangu, ambaye sisi tunamwita jjajja, aliwajua nkejje hao kabla sijazaliwa. Anasema waliuzwa wakiwa wamechomekwa kwenye vijiti, wamekaushwa kwa jua au kwa moshi, na kila nyumba ilikuwa nao. Mtoto akipatwa na surua alipikiwa nkejje. Mpaka leo kuna ukoo wa Buganda wenye mwiko wa nkejje, na watu wa ukoo huo hawamli. Nafikiri hilo ni jambo la kuwazia: mababu walimjua samaki huyu kwa karibu kiasi cha kumpa heshima ya kuwa ndugu, wakati watawala wa kikoloni walimwona kuwa ni takataka yenye mifupa mingi.

Ni mtazamo huo uliomleta sangara. Yeye ni mwenyeji wa Mto Nile na wa maziwa kama Albert na Turkana. Maporomoko ya Murchison yalimzuia kupanda hadi kwetu, kwa hiyo asingefika bila mkono wa binadamu. Aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaongezwa rasmi. Hesabu ilikuwa rahisi: tumlete samaki mkubwa, awageuze furu wasio na bei kuwa minofu yenye bei. Sangara anaweza kufikia urefu wa karibu mita mbili na uzito wa kilo 200. Kwa miaka kama 20 hivi hakuonekana sana. Halafu, katika miaka ya 1980, akajaa ziwa zima. Mavuno ya samaki yaliyokuwa takriban tani 100,000 kwa mwaka yalipanda yakafika takriban tani 500,000 ilipokaribia miaka ya 1990. Upande wa pili wa hesabu hiyo, furu walianguka kwa haraka isiyo na mfano. Inadhaniwa kwamba aina kama 200 zilitoweka. Wengi wao hawakuwahi hata kupewa jina la kisayansi.

Hapa ndipo somo langu linapoanza. Tungetegemea kwamba mshindi atakaa kitako na kula ushindi wake. Sivyo ilivyokuwa. Furu walipopungua, sangara aligeukia uduvi wa ziwani, akageukia dagaa, na akala hata watoto wake mwenyewe. Mnyama aliyeshinda vita vyote alijikuta hana wa kumlisha ila uzao wake. Naye dagaa, aliyekuwa akigombea vijidudu vya majini na furu, alipata nafasi baada ya washindani wake kuondoka, akaongezeka ingawa naye anawindwa. Ndege hawakubaki nyuma. Mdiria mweupe na mweusi, yule anayesimama hewani akipiga mbawa kabla ya kujitupa majini, zamani alikula furu. Watafiti waliona kwamba baada ya furu kwisha alihamia kwa dagaa. Kwa sababu dagaa ni mdogo zaidi, ilimbidi awavue wengi zaidi ili ashibe. Ndege hakuwahi kukutana na sangara, lakini sangara aliibadilisha siku yake ya kazi.

Mabadiliko yalitoka majini yakapanda nchi kavu. Nkejje alikauka juani bila gharama. Sangara ni mkubwa na ana mafuta mengi. Jua peke yake halimtoshi, ni lazima abanikwe au akaangwe. Kwa hiyo miti ya visiwani na ya pwani ilikatwa kwa kuni. Miti ikikatwa, mvua huosha udongo mpaka ziwani. Udongo huo, pamoja na mbolea za mashamba na maji machafu ya miji, hurutubisha mwani, na mwani ukizidi maji huwa mazito na ya kijani. Ukifa na kuoza huko chini humaliza oksijeni. Nani angedhani kwamba kati ya samaki mmoja na kilima kisicho na miti kuna njia iliyonyooka namna hiyo?

Jambo la rangi ndilo lililonigusa zaidi. Furu dume wana rangi za kupendeza, wengine bluu, wengine nyekundu, wengine manjano. Jike humchagua dume wa aina yake kwa kutazama rangi. Mwaka 1997 watafiti walionyesha kwamba mahali ambapo maji yamechafuka, mwanga haupiti vizuri, rangi hazitofautiki, na majike hawawezi tena kuchagua sawasawa. Aina zilizokuwa mbali mbali huanza kuchanganyika na kuwa moja. Kumbe furu alitegemea hata mwanga. Usingehitaji sangara ili kumpoteza. Ingetosha kulitia ziwa ukungu.

Sasa nirudi kwa binadamu, maana sisi nasi tumo katika hesabu hii. Ada yangu ya shule ya sekondari ililipwa na sangara. Baba yangu alibeba samaki mwaloni, kutoka mtumbwini hadi kwenye magari ya barafu, na minofu ikaenda Ulaya kwa ndege. Kwa hiyo siwezi kusimama mbele ya wasomaji nikamlaani sangara kana kwamba hakunipa kitu. Maelfu ya familia zilijenga nyumba za matofali kwa ajili yake. Lakini pia nilikua nikiona kwamba wanaomvua si wanaomla. Minofu huondoka, hubaki mifupa na vichwa. Mwanza huitwa mapanki, Kisumu huitwa mgongo wazi. Wachina walipoanza kununua mabondo kwa bei kubwa, hata utumbo wa samaki ukawa mali ya watu wa mbali. Wenzangu hupenda kuuliza: je, sangara ni baraka au ni laana? Mimi hujibu kwamba ziwa halikuulizwa swali hilo. Lilipewa mgeni asiye na adui wala mipaka, likajipanga upya kumzunguka, na sisi tukajipanga pamoja nalo.

Sangara hakuwa mgeni wa mwisho. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilionekana gugu maji, mmea wa Amerika ya Kusini wenye maua mazuri ya zambarau. Mto Kagera, unaokusanya maji ya Rwanda na Burundi, uliendelea kulileta hata lilipoondolewa. Lilifunga bandari, likazuia mitumbwi kutoka, likawapa mbu na konokono wa kichocho maficho. Watu walilikata kwa mapanga na kwa mashine, likaota tena. Kisha, katikati ya miaka ya 1990, waliletwa fukusi wadogo wa kwao Amerika ya Kusini ambao hula gugu hilo. Fukusi hao walilidhoofisha polepole, mvua na mawimbi ya El Niño ya 1997 na 1998 yakalivunjavunja, na sehemu kubwa ikazama. Halijaisha, hurudi kila mara, hasa mahali palipo na uchafu mwingi wa kulilisha. Lakini kisa cha fukusi kinaonyesha jambo moja wazi. Huko kwao gugu maji halikuwa jitu. Lilikuwa na walaji wake. Lilipovuka bahari liliwaacha nyuma, na likawa adui yetu kwa sababu lilifika bila adui zake. Hata hivyo fukusi hakuletwa vivi hivi: ilibidi achunguzwe kwanza ili ijulikane kwamba hatahamia kwenye mihogo na migomba. Sangara hakufanyiwa uchunguzi wa namna hiyo.

Katika mdahalo mmoja wa wanafunzi, mwenzetu mmoja alisema kwa kujiamini kwamba maumbile ni vita, samaki mkubwa humla mdogo, na kwamba hata katika uchumi na siasa hatuna budi kukubali hivyo. Alipigiwa makofi. Mimi sikukubaliana naye, na ningependa kutoa hoja yangu hapa. Ni kweli mkubwa humla mdogo. Lakini kaulimbiu hiyo huishia katikati ya sentensi. Mkubwa humla mdogo, kwa hiyo mkubwa yuko mikononi mwa mdogo. Furukombe anayelia juu ya mti hawezi kuwa wengi kuliko samaki wanaomlisha. Simba hawawezi kuzidi swala. Katika miaka ya 1990 wavuvi walipomvua sangara kwa nguvu na idadi yake ikashuka, baadhi ya furu walianza kuonekana tena, na wengine waliokuwa wakila kitu kimoja walirudi wakila kingine. Yaani hata kurudi kwa mdogo kulitegemea mkubwa kupata wa kumpunguza. Anayetumia maumbile kutetea uonevu hajayatazama maumbile hadi mwisho.

Tena, ushindani mkali wa leo ziwani si wa samaki kwa samaki. Mama yangu hukausha na kuuza mukene. Wavuvi huwavua usiku usio na mwezi, kwa taa zinazowavuta juu ya maji, na ukiwa kisiwani utadhani kuna mji umeelea gizani. Asubuhi mama huwaanika kwenye nyavu au kwenye chanja. Wakianikwa mchangani hushuka thamani. Zamani wateja wake walikuwa kina mama wenzake wa sokoni. Siku hizi malori ya viwanda vya chakula cha mifugo hufika kabla ya wao kufika, na hununua hata wale wenye mchanga. Mukene huyo huenda kuwa kuku na mayai ya watu wa mjini. Mama hupata fedha haraka, na hilo ni jambo jema. Lakini mtoto wa jirani yetu, ambaye mukene ndio nyama yake ya pekee, anashindana na kuku asiyemjua. Dagaa huyo huyo anatafutwa na sangara, na mdiria, na kuku, na mtoto. Meza ni moja.

Serikali za nchi zetu tatu zinafahamu haya. Tangu 1994 kuna Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, lenye makao yake Jinja, na kanuni zilizokubaliwa wakati mmoja zilisema sangara avuliwe akiwa na urefu kati ya sentimita 50 na 85. Mdogo aachwe akue, na mkubwa aachwe azae. Kanuni hiyo inaeleweka kwa mtu yeyote aliyefuga mbuzi: huchinji kitoto, wala hummalizi mama mwenye kuzaa sana. Ugumu uko kwenye utekelezaji, kwa sababu mwenye njaa leo hawezi kumngojea samaki wa mwakani, na samaki hawana pasipoti. Anayeachwa Uganda huweza kuvuliwa Tanzania. Kutegemeana huko ni kwa watu pia.

Namalizia na bwawa la mafunjo lililo kando ya mwalo wetu, kwa maana huko ndiko mambo haya yote yananihusu mimi na ndugu zangu. Kwa macho ni matope na mbu. Lakini ndani ya mafunjo oksijeni ni kidogo, na sangara, pamoja na ukubwa wake wote, haistahimili hali hiyo. Furu wa aina kadhaa wanaistahimili. Watafiti waliofanya kazi katika Ziwa Nabugabo, jirani kabisa na Ziwa Viktoria, waligundua kwamba mabwawa ya namna hii ni maficho ya furu waliookoka. Kamongo naye yumo humo, akipumua hewa ya juu kama sisi. Tena mafunjo huchuja uchafu kabla haujafika ziwani. Bwawa la Nakivubo limeifanyia Kampala kazi hiyo kwa miaka mingi bila mshahara, hata likiendelea kumegwa na mashamba na majengo.

Mwaka jana alikuja mtu mwenye fedha akitaka bwawa letu lijazwe udongo ajenge maghala. Kijiji kiligawanyika, na nyumba yetu pia. Kaka yangu anataka kazi, na ana haki ya kuitaka. Mama hukata mafunjo kwa ajili ya mikeka na hakutaka kusikia. Nilipopewa nafasi ya kusema mkutanoni nilisema kwa Kiluganda haya niliyoandika hapa kwa Kiswahili: kwamba hapo ndipo mlango wa mwisho wa nkejje ulipo, kwamba maji tunayokunywa hupitia hapo, na kwamba tulikwisha kuamuliwa mara moja na watu walioona kilicho kidogo kuwa ni takataka. Mzee mmoja aliniuliza kama nkejje wangu watamlipa kijana asiye na ajira. Lilikuwa swali la haki. Nilimjibu kwamba hawatamlipa mshahara, ila bila bwawa hata maghala hayatakuwa na samaki wa kuwekwa.

Uamuzi uliahirishwa hadi baada ya mavuno. Wiki ile ile, mwanamke mmoja alipita na karai kichwani, na ndani yake, pamoja na kambare wawili, kulikuwa na nkejje kama kumi waliovuliwa kwa ndoana ukingoni mwa mafunjo. Jjajja aliwanunua wote bila kuuliza bei.